Bei ya Saa Iliyosimama

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayetafuta leithi ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, iliyokwisha kutumika, ili aiweke katika karakana ndogo nyumbani kwake, huisikia methali hiyo masikioni kila anapotajiwa bei. Mashine ya Kijapani au ya Kijerumani yenye uzito wa tani tatu, ambayo kiwanda kiliinunua ikiwa mpya kwa fedha za kujengea nyumba, huuzwa baada ya miaka thelathini kwa sehemu ndogo mno ya bei hiyo; nyakati nyingine mnunuzi hushindana na mfanyabiashara wa chuma chakavu, ambaye anaihesabu kwa kilo. Akili ya sokoni hujibu haraka: ingekuwa nzima wasingeiachia. Nadhani jibu hilo limekosea pa kuanzia. Bei ya chini ya mashine hiyo husema machache kuhusu hali ya chuma chake. Inachosema zaidi ni thamani ya saa moja katika kiwanda ilikotoka, na mnunuzi asiyelitambua hilo anaweza kukosea kwa njia mbili: kuiacha mashine njema ambayo ingemfaa, au kuichukua mashine njema isiyomfaa.

Tuanzie kiwandani. Msimamizi wa uzalishaji huihesabu mashine kwa saa zake. Ikisimama, mwendeshaji analipwa bila kazi, oda inachelewa, na mashine inayofuata kwenye mstari inakosa cha kufanya. Kwa hiyo leithi inayokata vizuri mwaka mzima, kisha ikasimama wiki mbili kwa sababu ya kadi moja ya umeme isiyotengenezwa tena, kwake ni leithi mbovu, hata kama siku zote nyingine iliheshimu kipimo cha sehemu moja ya mia ya milimita. Vitabu vya uhasibu navyo vilikwisha kuifuta thamani yake zamani, na nafasi inayoikalia sakafuni inatakiwa na mashine mpya. Anaiuza, na anaiuza rahisi kwa sababu wanunuzi wenzake wa viwandani wanapiga hesabu ileile. Kinachotoka langoni ni mashine iliyohukumiwa kwa saa zake. Hukumu hiyo ni ya haki kwa aliyeitoa. Swali ni kama inamhusu anayeipokea.

Huenda isimhusu, kwa sababu ndani ya mashine ya CNC mna vitu vinavyozeeka kwa mwendo tofauti kabisa. Cha kwanza ni chuma. Henry Maudslay alitengeneza leithi yake ya kukatia nyuzi za skrubu jijini London karibu na mwaka 1800, na misingi aliyoifuata ndiyo iliyopo hadi leo: kitanda kigumu, kibebea kisu kinachoteleza juu ya njia zilizonyooka, na skrubu inayokisogeza kwa kipimo. Chuma cha kusubu, kinachotumika kwa vitanda hivyo, kikitoka kalibuni huwa na mikazo ya ndani inayokipinda polepole. Ndiyo maana watengenezaji wa zamani walikuwa wakiviacha vitanda nje kwa miezi, vipigwe na jua na baridi, kabla ya kuvinyoosha kwa kipimo cha mwisho. Kitanda cha miaka arobaini kimekwisha kutulia. Kinachokidhuru ni msuguano usio na mafuta, kutu, na kugongwa. Umri peke yake haukidhuru.

Cha pili ni umeme unaokiongoza chuma hicho, na huu ndio unaozeeka mbio. Mwaka 1952 chuo cha MIT nchini Marekani kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe wenye matundu. Wazo lilianza kwa John Parsons wa Traverse City, Michigan, aliyekuwa akitafuta njia bora ya kutengeneza mapanga ya helikopta, na fedha zilitoka kwa Jeshi la Anga. Kidhibiti cha mashine hiyo kilijaa vali za kioo. Kufikia 1972, mwaka ambao Fanuc, mtengenezaji wa vidhibiti, ilitengwa na Fujitsu huko Japani na kuwa kampuni inayojitegemea, vali hizo zilikuwa zimepitwa na wakati, na muda si mrefu kidhibiti kikawa kompyuta yenye kumbukumbu na skrini. Kila kizazi kilikiacha kilichotangulia bila vipuri. Kapasita hukauka, feni husimama, skrini za kizamani hufifia, na vumbi la chuma hupenya hadi kwenye kadi. Tena mashine nyingi za miaka hiyo hutunza vigezo vyake, kama hatua ya skrubu, mipaka ya mwendo na kasi za mota, katika kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo. Betri ikifa ghalani wakati mashine inasubiri mnunuzi, leithi yenye chuma kizima huwa haijui hata mwisho wa kitanda chake uko wapi. Watengenezaji waliijua hatari hiyo, na mara nyingi waliweka karatasi ya vigezo ndani ya mlango wa kabati la umeme. Karatasi hiyo, hata ikiwa imefubaa na kulowa mafuta, ina thamani kuliko rangi mpya ambayo dalali ameipaka mashine nzima.

Kipo cha tatu, ambacho karibu hakizeeki: lugha ya maagizo. G01 huamuru kisu kiende moja kwa moja kikikata, G02 na G03 hukipitisha kwenye tao, M03 huuzungusha mhimili. Na programu iliyoandikwa mwaka 1985 inasomeka leo kwa marekebisho machache. Kwa kuwa lugha imedumu, kidhibiti kilichokufa kinaweza kubadilishwa bila kuyatupa maarifa ya mwendeshaji. LinuxCNC, programu inayogawiwa bure, ilichipuka kutoka mradi wa miaka ya 1990 wa NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, na huweza kuendesha leithi kwa kompyuta ya kawaida iliyoongezewa kadi ya kuiunganisha na mota. Hapa hesabu ya umri inapinduka. Mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliziongoza mota zake kwa volti kati ya hasi 10 na chanya 10, amri rahisi ambayo vidhibiti vya watengenezaji wengi vinaweza kuitoa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Fanuc ilianza kuunganisha kidhibiti na viendeshi vya mota kwa nyaya za nuru, kwa mawasiliano yanayoeleweka kwa vifaa vyake yenyewe. Kwa mtu wa nyumbani anayetaka kubadili kidhibiti, mashine kongwe inaweza kuwa na maisha marefu mbele yake kuliko ile iliyoundwa miaka kumi na mitano baadaye.

Tukiviweka vitatu hivi pamoja, bei inaanza kueleweka. Muuzaji anauza chuma kilichotulia na lugha inayodumu kwa bei iliyoshushwa na umeme uliochakaa, na pengo lililobaki linajazwa kwa saa: saa za kufuatilia nyaya, za kusoma vitabu vya mashine, za kusubiri kipuri kutoka nje, za kukata vipande vya majaribio na kuvitupa. Saa hizo si za bei moja kwa kila mtu. Yuko mhandisi anayelipwa mshahara kwingine na kurudi nyumbani jioni. Yuko mwalimu wa chuo cha ufundi. Yuko mstaafu wa reli au wa kiwanda cha sukari, mwenye ujuzi wa miaka mingi na muda wa kutosha. Kwao, miezi mitatu ya kuifufua mashine haivunji nyumba, na pengine ndiyo raha yenyewe. Lakini yuko pia fundi wa Kariobangi jijini Nairobi au wa Gerezani jijini Dar es Salaam, anayekula alichochonga leo. Kwake mashine iliyosimama wiki mbili ni karo iliyochelewa. Saa yake inafanana na ya kiwanda kuliko ya mhandisi wa jioni, ingawa kipato chake hakikaribii cha kiwanda. Ndiyo maana ule ushauri wa kawaida, kwamba mtumba humfaa mwenye fedha kidogo, ni wa hatari hapa. Leithi ya CNC iliyotumika humfaa mwenye fedha kidogo na saa nyingi. Aliyepungukiwa na vyote viwili itamfilisi.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa mafundi wenyewe. Karakana ndogo, wanasema, hutengeneza kimoja kimoja, na kwa bushi moja fundi wa leithi ya mkono humaliza kabla mwenzake hajaandika programu. Ni kweli. Muda wa kuandika programu na kupanga visu ni uleule, uwe unatengeneza kipande kimoja au 200, na mashine huanza kulipa pale muda huo unapogawanywa kwa vipande vingi, au oda ileile inaporudi mwakani na programu ikakutwa inasubiri. Kwa upande wa pili, vipande vingi mno haviji karakanani kabisa: spea za Boxer na TVS, pikipiki zilizojaa Afrika Mashariki, huingia kwa makontena kutoka ng'ambo, na hakuna fundi wa nyumbani atakayeshindana na bei ya kontena. Kazi inayobaki ni ile ambayo idadi yake ni kubwa kwa mkono na ndogo kwa kontena: shafti za mashine za kusaga nafaka, viungio vya pampu za visima, bushi za trekta ambalo kiwanda chake kiliacha kulihudumia, nyuzi za kipimo kisichouzwa dukani. Eneo hilo ni jembamba, ila lipo. Anayenunua bila kuweza kutaja atatengeneza nini ndani yake ananunua pambo la tani tatu.

Pingamizi la pili linauliza kwa nini kuhangaika na ukongwe wakati leithi ndogo mpya za CNC kutoka China zinauzwa tayari, zinatumia umeme wa njia moja, na zinabebeka kwa pikapu. Hoja hii ina nguvu kuliko wapenzi wa mashine kuukuu wanavyokubali, na kwa mtu anayetaka vipande wiki ijayo huenda ndiyo sahihi. Udhaifu wake uko kwenye uzito. Kisu kinapouma chuma, nguvu ya mkato husukuma mashine yote, na kinachoizuia isitetemeke ni wingi na ugumu wa chuma chake. Mashine ya kilo 200 italazimika kupita mara nyingi pale ambapo ya tani tatu hupita mara moja. Ikilazimishwa, mtetemo huchora mawimbi juu ya kipande na kuvunja ncha ya kisu. Mnunuzi wa mashine mpya nyepesi anapata umeme mchanga na chuma kidogo, wa mashine kongwe anapata chuma kingi na umeme mzee. Umeme unaweza kubadilishwa siku za usoni, lakini uzito hauongezeki. Kwa asiye na sakafu ya kubeba tani tatu wala kreni ya kuishushia, ipo njia ya kati: leithi ndogo za CNC ambazo EMCO ya Austria, na Boxford na Denford za Uingereza, zilitengeneza kwa ajili ya shule na vyuo. Hizo, zikiuzwa na shule, mara nyingi zimekata aluminiamu na plastiki zaidi ya chuma kigumu, na baadhi hukaa juu ya meza.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo linagusa heshima. Bara hili limegeuzwa jalala la vitu vilivyowachosha wengine. Kwa nini tuongeze mashine zilizokataliwa na viwanda vyao? Aliyeona vifaa vya msaada vikiota kutu nyuma ya vyuo vyetu hawezi kulipuuza swali hili. Lakini vifaa hivyo, aghalabu, vilikuja vipya. Kilichovifanya taka ni kukosekana kwa mtu anayevijua, vitabu vyake, na fungu la kununulia vipuri. Historia ya Kenya ina mfano wa upande wa pili. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Magari ya mfano ya Nyayo yakaonyeshwa mwaka 1990, na gari lenyewe halikufika sokoni. Hata hivyo shirika lililoundwa kwa ajili yake likageuka kuwa Numerical Machining Complex na kuendelea na kazi ya kutengeneza vipuri. Mpango ulikufa, uwezo wa kuchonga chuma ukabaki, kwa sababu palikuwa na watu wa kuushika. Kwa hiyo hoja ya jalala ninaikubali nusu: inahusu kadi zilizokufa, skrini na betri, ambazo mnunuzi anapaswa kujua zitakwenda wapi atakapozing'oa. Chuma kilichonyooka, mikononi mwa anayejua kukitumia, hakihusiki nayo.

Kwamba mashine inayojiendesha inaua ufundi ni pingamizi jepesi. Chuma laini hukatwa kwa takriban mita 30 kwa dakika kwa kisu cha chuma cha kasi, na mara kadhaa ya hapo kwa kisu cha kabaidi. Kidhibiti kitatii namba yoyote kitakayopewa, hata ile ya kuunguza kisu na kukirusha kipande. Anayejua kwa nini chembe za chuma zimegeuka bluu, au kwa nini mlio wa mkato umebadilika, bado ni fundi, na bila yeye programu ni karatasi tu. Ninachokubali ni kwamba leithi ya CNC ni mwalimu mbaya wa kuanzia, kwa sababu inaficha mkono nyuma ya mlango. Mwanafunzi aanze na mpini.

Hoja hii ikikubalika, mpangilio wa ukaguzi nao hubadilika. Wengi hutazama kwanza kama skrini inawaka, kana kwamba wananunua televisheni. Afadhali kuanzia kitandani, karibu na taya zinazoshika kipande, mahali ambapo kazi nyingi hufanyika na uchakavu huonekana mapema: je, mafuta yanafika, au pampu yake iliziba zamani? Kisha geji iwekwe, kisu kiamriwe kwenda na kurudi, na ipimwe skrubu ya gololi inachelewa kiasi gani kabla ya kuitikia. Kisha mhimili uzungushwe kwa kasi na usikilizwe, halafu kikatwe kipande cha mviringo na kupimwa ncha zote mbili. Tofauti baina yake itasema mengi kuliko maneno ya muuzaji. Hata hapo pawe na kiasi. Chuma, kwa kila mita moja, hurefuka takriban milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo shafti ya milimita 200 iliyopimwa asubuhi na kupimwa tena mchana chini ya bati, joto likiwa limepanda nyuzi 10, itakuwa imeongezeka kama milimita 0.024. Anayekataa mashine kwa uchakavu mdogo kuliko huo anaidai mashine usahihi ambao paa lake halitampa.

Umeme wa nyumbani unataka hesabu yake. Umeme wa njia tatu nchini Tanzania ni volti 400 na nchini Kenya 415, zote kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na mashine iliyotoka Ulaya huikuta nyumba yake hapa. Ya Kijapani kwa kawaida hutaka volti 200 za njia tatu, kwa hiyo transfoma iingizwe kwenye bei tangu mwanzo. Na mwenye njia moja tu aongeze gharama ya kifaa cha kuzalisha njia tatu, au ya kuomba laini mpya. Mlango nao ukaguliwe. Viwandani swichi ya mlango huzuia mhimili kuzunguka ukiwa wazi, na katika mashine zilizochoka swichi hiyo mara nyingi imefungwa kwa waya ili kazi iende haraka. Katika nyumba yenye watoto, kuirudisha swichi hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya kukata hata kipande kimoja.

Fedha, basi, zihesabiwe mwisho. Kwanza mnunuzi azihesabu saa zake kwa ukweli: ni jioni ngapi anaweza kuzitoa bila kumnyima mtu chakula, na kama mashine ikikataa miezi mitatu, nani ataumia. Jibu likiwa ni familia, aipeleke kazi ya CNC kwa mwenye mashine, abaki na leithi ya mkono inayoingiza fedha leo, na asione aibu. Hesabu yake ni ileile iliyomfanya meneja wa kiwanda aiuze mashine. Jibu likiwa ni yeye peke yake, na uvumilivu anao, basi kiwanda kimemwachia kitu ambacho hakikuweza kukithamini, na hana sababu ya kuogopa kwa nini ni rahisi. Tofauti ya bei ataimalizia mwenyewe kwa kazi, usiku baada ya usiku, na atakapomaliza atakuwa na mashine ambayo ikisimama hatahitaji kumpigia mtu simu.